Karanga tupu: somo la kichuguu cha Mama

Mtu akitoka Lubumbashi kwa barabara ya Kasenga au ya Kipushi, haendi mbali bila kuona vichuguu vikubwa vya mchwa. Katika pori letu la miombo, kila hektari inaweza kuwa na vichuguu 3 mpaka 5, na kuna vingine vinavyofika urefu wa metre 8. Watoto wanapanda juu kucheza, na wageni wanafikiri ni vilima tu. Lakini wenye elimu walipopima umri wa vichuguu vya huku kwetu, waliandika katika mwaka wa 2015 kwamba kimoja, katika moyo wake, kina zaidi ya miaka 2.000. Maana yake mchwa walikuwa wanajenga pale kabla ya wafalme wote ambao babu zetu walitusimulia.

Wazee wetu walijua faida nyingi za kichuguu: nswa wakati wa mvua za kwanza, uyoga mkubwa, udongo ambao mama mwenye mimba anautamani. Sisi hapa tunataka kusema juu ya faida moja tu, ile ambayo tuliifahamu tukiwa tumechelewa: kichuguu ni dawa ya shamba.

Tulipokuwa wadogo, Mama alikuwa na desturi ambayo ilitusumbua sana. Mwezi wa tisa, kabla ya mvua, alitutuma kukwangua udongo pembeni mwa kichuguu kikubwa cha shamba letu, kuuvunja kwa jembe na kuubeba kwa beseni mpaka pale atakapopanda karanga. Beseni moja kwa hatua mbili, hivyo ndivyo alivyopima. Juu yake alinyunyiza majivu ya jikoni, kidogo kidogo, sawa vile mtu anatia chumvi mu mboga. Tukimuuliza juu ya nini, jibu lake lilikuwa lile lile: «Bulongo ya kule chini iko bukali. Hii ya kichuguu iko tamu.» Kazi ilituchosha, na tulisema moyoni kwamba ni mambo ya zamani.

Baadaye tulisoma, tukapata diplome ya ualimu, tukaanza kufundisha shimia katika sekondari. Kila mwaka tuliandika ubaoni ile ngazi ya pH: kutoka 0 mpaka 14, katikati ni 7, chini ya 7 ni uchachu, juu ya 7 ni kinyume chake. Tuliwaeleza wanafunzi kwamba kushuka namba moja tu ni kuongeza uchachu mara 10. Wanafunzi walikariri, nasi tuliwapa pointi zao. Lakini hatukuwahi kuuliza: na udongo wa shamba la Mama uko na namba gani?

Sasa tufike kwenye kosa letu. Mwaka wa 2012, wakati wa kiangazi, Mama alikwenda Kasenga kwenye matanga ya kaka yake, akakaa kule miezi mitatu. Nyumbani minervali ya watoto watatu ilikuwa inatungojea, na mshahara, kila mwalimu anaelewa. Watu wa matofali wakaja. Udongo wa kichuguu unashikana vizuri, unatoa tofali zuri la kuchoma. Walitoa bei, tukakubali. Kwa majuma matano walikikata kile kichuguu mpaka chini, wakachimba hata shimo. Minervali ililipwa. Tuliona tumefanya kazi ya mwanaume.

Mama aliporudi, hakuingia hata nyumbani. Alisimama mbele ya lile shimo.

— Kichuguu yangu iko wapi?

— Mama, tuliiuzisha kwa watu wa matofali, juu ya minervali ya batoto.

— Muliuzisha nyungu. Sasa mutapikia mu nini?

Tulimtuliza. Tulimwambia kwamba dunia imebadilika, kwamba tutanunua angre, mbolea ya mfuko, kwamba sisi tumesoma mambo haya. Alituangalia, akachukua mzigo wake, akaingia.

Mvua ziliponyesha, tulipanda karanga kwa NPK, tukaongeza ure kidogo. Msomaji, ungeona majani! Kijani kibichi, mazuri kuliko ya jirani wote. Tulimwita Mama aje kuona. Alikuja, akaangalia, hakusema neno. Mwezi wa nne tukang'oa. Maganda yalikuwepo, mengi hata, lakini Mama alichukua moja, akalibonyeza kwa kidole gumba: tu! Tupu. La pili: tu! Alibonyeza kama kumi hivi mbele ya watoto wetu. Katika magunia manne tuliyojaza, karanga zenyewe hazikufika hata nusu gunia. Mama alisema tu: «Majani hatukule.»

Usiku ule tulifungua tena vitabu vyetu vya shule, na haya tunaiona ingali ikitukamata leo. Kwa sababu jibu lote lilikuwamo. Mvua yenyewe, hata iliyo safi, ina uchachu kidogo, kwa kuwa inachukua gesi ya kaboni hewani; pH yake ni karibu 5,6. Kwa miaka maelfu mvua zetu zimeosha udongo mwekundu wa Katanga, zikateremsha kalsiamu na manyezi chini kabisa, na uso wa shamba umebaki mchachu, mara nyingi karibu na 5. Katika uchachu wa namna hii, aluminiamu iliyolala katika udongo inayeyuka na kuumiza ncha za mizizi. Na fosforo inashikwa na chuma na aluminiamu, mmea hauwezi kuichukua vizuri hata ukiimwaga. Ndiyo «bukali» ya Mama.

Na karanga ina siri yake. Ua likiisha, kikonyo kinashuka na kuingia ardhini, na ganda changa linakunywa kalsiamu moja kwa moja katika udongo unaolizunguka. Ile inayopandishwa na mizizi haiwezi kulishibisha. Kalsiamu ikikosekana pale pale, ganda linabaki tupu, hata kama majani yamenona. Kwenye mfuko wetu wa angre waliandika vitu vitatu: azoti, fosforo, potasiamu. Kalsiamu haikuandikwa. Na ure, mwaka kwa mwaka, inaongeza uchachu. Kumbe tulikuwa tunalipa pesa ili ugonjwa uzidi!

Mchwa wao wanafanya kinyume cha mvua. Wanapandisha udongo wa chini chembe kwa chembe, na ndani ya kichuguu madini yanajikusanya kwa sababu mvua haiwezi kupenya na kuyaosha. Ukikata kichuguu kikubwa cha huku kwetu utaona mara nyingi mishipa na vibonge vyeupe: ile ni chokaa. Pale pH inapita 7.

Tulipeleka jambo hili darasani, bila laboratwari, kwa maana shule yetu haina. Wanafunzi walileta udongo wa namna mbili, wa shamba na wa moyo wa kichuguu, na ndimu. Wakakamulia ndimu juu ya udongo wa shamba: kimya. Wakakamulia juu ya vile vibonge vyeupe: vikachemka povu dogo dogo, shhh, gesi ikitoka. Kisha walisaga maua mekundu ya hibisko ya uzio, wakachuja maji yake. Wakatia ndimu, yakawa mekundu zaidi. Wakatia maji ya majivu, yakageuka kijani. Mwanafunzi mmoja akasema: «Mwalimu, kumbe bakoko balijua shimia.» Tulimjibu ndiyo, ila wao waliisoma kwa ulimi na kwa mavuno.

Ili maandiko haya yasibaki maneno matupu, tunaandika hapa namna Mama alivyotufundisha upya, tukiongeza machache ya kitabu. Ukwangue udongo wa pembeni, usiue kichuguu; mchwa watatengeneza tena. Ikiwa kichuguu kimekufa, bado udongo wake ni mzuri. Uutandaze kabla ya mvua ya kwanza. Majivu ya kuni ni mazuri, yanapunguza uchachu na yana potasiamu nyingi, lakini yasizidi: maji ya majivu yanafika pH 10 na zaidi, yanaunguza mche mchanga. Majivu usiyachanganye pamoja na ure wala samadi mbichi, kwa maana azoti inatoroka hewani. Acha majuma mawili au matatu yapite. Majivu yenyewe hayana azoti, moto umeipeleka. Ndiyo maana mwaka unaofuata karanga Mama alipanda mahindi palepale, kwa kuwa karanga inaacha azoti kidogo ardhini. Mwenye uwezo atafute chokaa ya kusaga. Mawe yake hatuyakosi, hata Kakontwe karibu na Likasi yapo. Na NPK hatuikatai: udongo ukishapoa ukali wake, hapo mbolea ya mfuko inafanya kazi yake na pesa yako hazipotei.

Mama alituacha mwaka wa 2019. Katika shamba kulibaki kichuguu cha pili, kidogo, nyuma ya miembe. Mwaka uliofuata watu wa matofali walirudi, na bei yao safari hii ilikuwa kubwa. Na minervali, kama kawaida, ilikuwa mlangoni. Hatutaki kujisifu hapa: usiku ule tulihesabu zile pesa mara mbili kichwani. Asubuhi tukawaambia hapana, tukaenda kukopa kwa wenzetu wa likelemba.

Tunaomba ndugu wa chama chetu jambo moja. Tunapokusanya mila za ngoma na za ndoa, tusiache mila za jembe. Wazee wana majina ya kila namna ya udongo. Tuyaandike kabla hayajazikwa nao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi guu letu lilikuwa magunia manne ya maganda.

Mwezi wa nne uliopita tuling'oa tena karanga, karibu na kile kichuguu kidogo. Watoto wetu, sasa wakubwa, hawakungoja kuambiwa. Kila mmoja alichukua ganda, akalibonyeza kwa kidole gumba kama alivyofanya nyanya yao. Halikubonyea.