Baba hasikii sebuleni, lakini anasikia angani

Baba yangu aliacha kurusha ndege mwaka 2017, alipotimiza miaka 65. Hakuachishwa kwa kosa wala kwa ugonjwa. Kanuni za usafiri wa anga wa kimataifa ndivyo zinavyosema: ukifika umri huo, huruhusiwi tena kuwa rubani wa ndege ya abiria ya kibiashara katika safari za kimataifa. Hadi Novemba 2006 kikomo kilikuwa miaka 60, kwa hiyo yeye alijihesabu mtu wa bahati, aliyeongezewa mitano.

Lakini kustaafu kwa rubani si kama kustaafu kwa watu wengine. Mwalimu mstaafu atafundisha tuisheni uani. Fundi atashika nyundo yake mpaka mikono ichoke. Rubani hana ndege nyumbani.

Miaka mitatu ya kwanza baba alifuga kuku, akawachoka. Aliamka saa 10 alfajiri, akanyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa barazani bila safari. Ukutani alikuwa bado na saa mbili: moja ya hapa kwetu, nyingine ya Zulu, yaani saa ya dunia wanayotumia marubani. Kwetu ikiwa saa 12 jioni, Zulu inasoma 1500. Ile ya pili hakuna aliyekuwa anaihitaji tena, lakini kila betri ilipoisha alinunua nyingine.

Agosti 2020 lilitoka toleo jipya la Microsoft Flight Simulator, programu ya kompyuta inayoigiza urubani. Kaka yangu akamnunulia, pamoja na usukani mdogo wa mezani na hedifoni. Sisi tulifikiri ni kichezeo cha kupitishia muda. Baba akapata kijiji.

Kijiji hicho kinaitwa VATSIM. Ni mtandao ulioanzishwa mwaka 2001. Kujiunga ni bure, ila mwanachama awe ametimiza miaka 13. Kila mtu yuko chumbani kwake na kompyuta yake, lakini wote wanakutana katika anga moja ya kuigiza. Baadhi ni marubani. Wengine wamejitolea kuwa waongoza ndege, na hao hawapewi mnara mpaka wapite mafunzo na mitihani. Wanazungumza kwa sauti, kwa lugha ileile ya kazini. Hali ya hewa nayo ni ya siku hiyohiyo: Hamburg ikiamka na ukungu, na wao wanatua kwenye ukungu.

Wala si mahali pa mzaha. Kuigiza utekaji wa ndege ni marufuku. Ukitangaza dharura na mwongoza ndege akakutaka usitishe, unasitisha au unaondoka.

Anga ya kwetu mara nyingi haina mtu mnarani. Baba akiruka Dar es Salaam kwenda Mtwara hutangaza mwenyewe mahali alipo kwenye masafa ya 122.8, hata kama hakuna anayesikiliza. Ikifika jioni huhamia Ulaya, kwenye msongamano. Huko vijana waligundua kwamba hii sauti nzito ya Kiafrika ni ya rubani wa kweli, mtu aliyerusha Fokker F27 na baadaye Boeing 737. Wakaanza kumuuliza maswali. Unafanyaje upepo ukipiga ubavuni? Unajuaje kwamba usitue, urudi juu? Wanamwita Kapteni. Naye anawajibu mmojammoja, kwa subira ambayo nyumbani hatukuwa tumeizoea.

Hapo ndipo palipomuuma mama.

"Nimemsubiri miaka 40 ashuke," aliniambia siku moja tukichambua mchele. "Kashuka, kapanda tena."

Mama hakuwa anatania. Kwa miaka mingi mumewe alikuwa hayupo kwa sababu ya kazi. Sasa yuko chumba cha pili, na bado hayupo. Anaongea saa nzima na kijana wa Ujerumani asiyemjua sura, kisha anakuja mezani kula na hasemi neno. Ukimsalimia anatikisa kichwa. Ukimsimulia jambo anasema "ndiyo, ndiyo" na kutabasamu. Shangazi zangu walikuwa na jina la hali hiyo: maringo ya urubani. Walisema mtu aliyezoea kuitazama dunia kutoka juu hawezi kuwaona walio chini.

Kisha likatokea la vidonge. Baba alikwenda kliniki, akaelezwa namna ya kumeza dawa ya presha: kimoja, mara moja kwa siku. Chumba kilikuwa na kelele na muuguzi alivaa barakoa. Baba akasema, "Sawa." Akaja nyumbani akawa anameza viwili. Siku ya nne mama alimkuta ameegemea mlango wa bafu, kizunguzungu kimemshika, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Aliyetupa jibu alikuwa mjukuu wake, mwenye miaka 14. Naye amejiunga na mtandao ule, na likizo huruka pamoja na babu yake, mmoja chumbani na mwingine sebuleni. Alisema kwa wepesi wa watoto: "Babu si kwamba hataki kuongea. Anasikia kwenye hedifoni tu."

Ninaandika habari za afya, na sentensi hiyo ilinipeleka moja kwa moja kwa daktari wa masikio, pua na koo, kabla hata ya kumpeleka baba. Alinieleza jambo ambalo kila mwenye mzazi mzee angefaa kulijua.

Usikivu unaopotea kwa umri na kwa kelele hauzimiki kama taa. Kwa kawaida sauti nyembamba hutangulia kuondoka. Irabu, a, e, i, o, u, zina nguvu na hubaki. Konsonanti kama s, f, sh na t ndizo zinazopotea. Mzee anasikia kwamba umesema kitu, lakini kati ya "fika", "shika" na "pita" inabidi akisie. Sauti za wanawake na watoto humsumbua kuliko za wanaume. Weka juu yake feni, televisheni na watu watatu wanaoongea kwa pamoja, yaani sebule ya kawaida ya Mtanzania, na mzee huyo ameshatoka kwenye mazungumzo ingawa amekaa katikati yake.

Redioni mambo ni kinyume. Sauti inaingia moja kwa moja masikio yote mawili. Anaongea mtu mmoja kwa wakati. Maneno ni yaleyale, kwa mpangilio uleule, na baba ameyasikia kwa miaka zaidi ya 40, kiasi kwamba anajua kinachokuja kabla hakijafika. Tena asiposikia, ana haki ya kuomba kurudiwa bila aibu. Kwa hiyo hakuwa anawapenda wale vijana kuliko sisi. Kule alikuwa anasikia.

Chanzo nacho hakikuwa kigeni. Fokker F27 ilikuwa na injini mbili za Rolls-Royce Dart, na aliyewahi kusimama karibu nazo anakumbuka mluzi wake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa takriban saa 40 kwa wiki. Ikizidi hapo, muda salama unapungua haraka. Shirika hilo pia linasema zaidi ya asilimia 25 ya watu wenye umri unaozidi miaka 60 wana upotevu wa usikivu unaowaathiri kimaisha. Kubaya zaidi, baba alikuwa anapandisha sauti ya hedifoni mpaka mwisho. Mahali pekee alipokuwa anasikia ndipo alipokuwa anajiumiza.

Kazi ikawa kumpeleka hospitali. Baba alikataa.

Mtu asiyejua maisha ya marubani atadhani ni ukaidi. Rubani wa ndege za abiria huishi kwa cheti cha afya. Baada ya miaka 60 cheti hicho hupimwa upya kila baada ya miezi 6. Kwa miaka yote ya kazi, daktari kwake alikuwa mtu mwenye kalamu inayoweza kumshusha angani siku yoyote. "Mwanangu," aliniambia, "daktari haongezi kitu. Anapunguza." Sasa alikuwa amepata tena anga, ya kuigiza lakini anga, na hakutaka mtu mwenye koti jeupe aikaribie.

Sikumshinda kwa hoja. Aliyemshinda ni mjukuu, tena kwa sheria ya babu mwenyewe.

Angani, maagizo muhimu hayajibiwi kwa "sawa". Yanarudiwa neno kwa neno, na yakirudiwa vibaya, aliyetoa agizo lazima asahihishe. Baba huwasimulia vijana wake ajali ya Tenerife ya Machi 27, 1977, ndege mbili kubwa za KLM na Pan Am zilipogongana uwanjani kwenye ukungu na kuua watu 583. Miongoni mwa sababu zake ni maneno ya redioni yaliyosemwa nusu na kueleweka nusu. Baada ya hapo lugha ya redioni ilikazwa zaidi. "Sawa," baba hupenda kusema, "ni neno lililozika watu."

Basi Jumapili moja, baada ya chakula, kijana alisimama nyuma ya kiti cha babu yake barazani, akatoa sauti ya mnarani, kwa Kiswahili.

"Babu, bila hedifoni. Panda futi elfu tisa."

"Napanda futi elfu sita," baba akarudia.

"Si sahihi. Futi elfu tisa."

"Ndiyo. Elfu sita."

Kijana akanyamaza kidogo. "Babu, tuko juu ya Morogoro. Umegonga Uluguru."

Tisa na sita. Sikiliza mwenyewe maneno hayo mawili: irabu zilezile, konsonanti zilezile, zimebadilishana nafasi tu. Kwa sikio lililopoteza s na t ni neno moja. Na vilele vya Uluguru viko hapo katikati, juu ya futi 8,000.

Hakuna aliyecheka. Baba aligeuka akamtazama yule mtoto kwa muda, kisha akaniuliza mimi, "Huyo daktari wako anaanza kazi saa ngapi?"

Vipimo vilionyesha masikio yote mawili yamepungua, na kwamba kilichopotea hakirudi kwa dawa. Alipewa vifaa vya kusaidia kusikia, wengi wanaviita shimesikio. Wiki mbili za kwanza alivichukia. Friji inaguruma, gazeti linakwaruza, jogoo wa jirani kama yuko chini ya kitanda. Daktari alikuwa ametuonya: ubongo uliokaa na ukimya miaka mingi unahitaji muda kuzoea tena kelele za dunia. Wengi huvitupa kabatini hapo hapo. Yeye alivumilia, nadhani kwa sababu ya mjukuu.

Mapatano mengine aliyafanya mama. Kila baada ya saa moja na nusu ndege "inatua", na rubani anatembea mpaka dukani na kurudi. Kwa mwendo huo anafikisha dakika 150 za mazoezi kwa wiki ambazo WHO inapendekeza kwa watu wa umri wake. Sauti ya hedifoni haizidi asilimia 60. Na Jumamosi moja baba alimvutia mama kiti kando yake. Kwa miaka yote ya ndoa mama hakuwahi kuingia chumba cha rubani. Waliruka kwenda Mtwara, taratibu, baba akimwonyesha Rufiji inavyojigawa matawi kabla ya bahari, kisha Kilwa. Mama aliuliza, "Kumbe usiku ulikuwa unapita hapa peke yako?" Niliwaacha. Walikuwa bado wanaongea nilipoanza kupika chakula cha jioni.

Sisemi kila kitu kimenyooka. Bado kuna jioni anapitiliza muda, na shangazi mmoja bado anasema ni maringo. Lakini nimejifunza mambo ambayo ningependa uyabebe, wewe unayesoma hapa kwenye simu huku mzazi wako amekaa kimya upande wa pili wa chumba.

Mzee anayeitikia "ndiyo" kwa kila jambo, mpime usikivu kabla ya kumpima tabia. Watafiti wa afya ya ubongo wanautaja upotevu wa usikivu miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni, tena ni mojawapo ya yale yanayoweza kushughulikiwa. Akirudi kliniki, usimuulize kama ameelewa. Mwombe arudie alichoambiwa. Unapoongea naye, zima televisheni, kaa mbele yake auone mdomo wako, usipige kelele.

Na ukimkuta mzazi wako mstaafu amezama kwenye kioo, kabla ya kumkataza, muulize nani yuko huko na anapata nini ambacho mezani hakipati. Jibu linaweza kuwa jambo mnaloweza kulitengeneza.

Kwetu sheria ya kurudia imekuwa ya nyumba nzima. Jana mama alimtuma sokoni, naye akasimama mlangoni na kikapu, mgongo umenyooka.

"Nyanya kilo moja, vitunguu nusu, nazi mbili," akasema.

"Nazi tatu," mama akamsahihisha.

"Nazi tatu," akarudia, akatoka.