Kilo Mbili za Kwaresima



Mwalimu aliyeandika kosa ubaoni hana budi kulifuta ubaoni, mbele ya wanafunzi wale wale. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa katika shule ya ualimu, na ndiyo sababu ya maandiko haya. Mwaka jana, Jumapili ya pili ya Kwaresima, sisi makatekista sita wa parokia tulisimama mbele yenu baada ya Misa, wana-Xaveri, wanakwaya na watumishi wa altare, tukatoa ushuhuda. Tulisema kwamba tumeacha chumvi kwa siku kumi, na kwamba kila mmoja wetu amepungua kilo mbili, mmoja hata tatu. Mlitupigia makofi. Ushuhuda ule ulikuwa wa kweli katika hesabu yake na wa uongo katika maana yake.

Wengi wetu tumepita miaka hamsini. Zamani tulikwenda kwa miguu kutoka kanisa dogo moja hadi jingine, tukipanda na kushuka vilima vya Bukavu. Siku hizi tunapanda pikipiki, na mikanda yetu imekwisha matundu. Kabla ya Kwaresima, muuguzi wa kituo cha afya alikuja kuwapima watu wazima tansio katika ukumbi wa parokia. Mmoja wetu, ambaye ndiye anayeshika kalamu hii, alikutwa na 16 kwa 10. Muuguzi akamwandikia karatasini mambo mawili: apunguze chumvi, apunguze uzito. Sisi tukayasoma kana kwamba ni jambo moja. Tulidhani kwamba chumvi ikiondoka, unene nao utaifuata.

Basi, Jumatano ya Majivu tukakata shauri: chumvi hatutaonja kabisa, wala kube za kukolezea mchuzi, wala makayabu, mpaka Pasaka. Tukapimwa kwenye mizani ya kituo cha afya, kila mmoja akaandika kilo zake katika daftari la mafundisho, nyuma ya orodha ya wabatizwa.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu, na ugumu wenyewe haukutuangukia sisi peke yetu. Sombe isiyo na chumvi ina ladha ya shamba baada ya mvua. Sambaza wa ziwa letu, ambao kwa desturi tungewagombania, walibaki sahanini wakitutazama. Wake zetu waliona sahani zinarudi jikoni zimejaa, wakaumia. Kwetu, mtu akisema kwamba chakula hakina chumvi, hazungumzi habari za chumvi, anamsema aliyepika. Chumvi imekuwa na heshima tangu wazee. Ile ya chemchemi za Uvinza, upande wa Tanzania, ilivushwa Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na kubadilishwa kwa bidhaa nyingine wakati maduka hayajajulikana. Wazazi wetu walipobatizwa, waliwekewa chembe ya chumvi ulimini, kama ilivyokuwa desturi ya Kanisa kabla ya utaratibu mpya wa ubatizo wa watoto uliotolewa 1969. Na Bwana mwenyewe, alipotafuta jina la kuwapa wanafunzi wake, hakuwaita sukari. Mama mmoja alimwambia mumewe: «Kama unamfungia Mungu, funga wewe. Sufuria yangu uiache.» Alikuwa na haki, lakini hatukumsikiliza, kwa sababu mizani ilikuwa upande wetu.

Siku ya kumi tulirudi kwenye mizani. Kilo mbili! Kuna jambo moja tulilolipuuza siku ile, na leo tunalikiri: mikanda yetu haikusogea hata tundu moja. Mizani ilisema tumepungua, suruali ikasema bado. Sisi tukachagua shahidi aliyetupendeza, tukaenda kuwatangazia. Wala hatukukumbuka kwamba Injili tuliyosomewa tukiwa na majivu kipajini inawaonya wale wanaofunga ili waonekane na watu.

Wiki moja na nusu baadaye, siku ya Ijumaa, tulikuwa katika Njia ya Msalaba. Tulipofika kituo cha tano, msichana mmoja wa kwaya aliketi chini ghafla, katikati ya wimbo. Mwanzo tulidhani ni moyo wa ibada. Kisha tukaona midomo yake imepauka na paji lake limelowa jasho. Tukambeba hadi kituo cha afya. Tansio yake ilikuwa 8 kwa 5. Muuguzi akamwuliza amekula nini siku hiyo. Akajibu kwamba hajala. Na jana? Bugali kidogo na lengalenga, bila chumvi. Tangu tulipotoa ushuhuda wetu hakuwa ameonja chumvi, naye alikula mara moja tu kwa siku, maana dada yake alikuwa anaolewa baada ya Pasaka na gauni lilikuwa limeshonwa dogo. Muuguzi akamwuliza ni nani aliyempa shauri hilo. Yule msichana akatutazama sisi tuliokuwa tumesimama mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, bila lawama yoyote: «Makatekista walisema.»

Alipewa maji, chakula na mapumziko, na jioni alirudi nyumbani kwao kwa miguu yake. Tunamshukuru Mungu. Lakini neno lake hilo tulilala nalo usiku kucha.

Kesho yake muuguzi alituita sote sita. Hakutukaripia, angetukaripia ingekuwa afadhali. Alichukua mfuko wa serumu, ile ya maji na chumvi wanayowekewa wagonjwa mshipani, akatuonyesha maandishi yake. Lita moja ya maji, gramu 9 za chumvi. Akatueleza kwamba mwili nao una kadiri yake ambayo hauachi ivurugike. Ukila chumvi nyingi, mwili huyashika maji ili kadiri hiyo idumu. Ndiyo maana unaona kiu. Ukipunguza chumvi ghafla, figo huitoa ile iliyozidi, na maji yaliyoishika hutoka pamoja nayo. Gramu 9 za chumvi zikiondoka, karibu lita moja ya maji huondoka pia, na lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mizani. Kazi hiyo inakwisha kwa siku chache, kisha mizani inasimama. Mafuta ya mwilini hayajaguswa. Chumvi haina kalori hata moja, hivyo hainenepeshi kama bugali au mafuta ya mawese yanavyonenepesha, na kuiacha hakuwezi kuyeyusha kitambi. Kilo moja ya mafuta ya mwili inahifadhi kalori zaidi ya 7,000. Haiondoki kwa siku kumi kwa sababu tu sombe haikutiwa chumvi.

Tulimsikia, lakini hatukumwamini kabisa mpaka Pasaka. Siku ile, makayabu yalipikwa katika kila nyumba ya makatekista, kwa nyanya na vitunguu, na hakuna aliyehesabu vipande. Jumatano ya Oktava tukapanda mizani kwa siri, kila mmoja kwa saa yake, tukakutana mlangoni. Kilo mbili zilikuwa zimerudi zote.

Je, chumvi haihusiki hata kidogo na unene? Hapa tunawaomba vijana wasikimbie upande wa pili, wakasema kwamba muuguzi ametupa ruhusa ya kumimina. Chumvi inahusika, ila inapita njia ya nyuma ya nyumba. Mchuzi mkali wa chumvi unadai bugali. Mnajua wenyewe jinsi mkono unavyorudi sahanini: kipande kidogo cha makayabu kinaweza kushusha donge zima la bugali, kisha donge la pili. Baada ya hapo kiu inakuja, na kiu ya vijana siku hizi haiitiki kwa maji. Inataka chupa ya sukre, na ya wazee inataka bia. Bugali ile na chupa ile ndizo zinazokaa kiunoni. Chumvi ndiyo iliyozikaribisha tu.

Na kwa tansio, shauri la muuguzi lilikuwa sahihi tangu mwanzo. Chumvi nyingi huipandisha, na tansio iliyopanda haina maumivu ya kumwamsha mtu. Inafanya kazi kimya katika moyo, figo na mishipa ya ubongo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichorundikwa, kikijumlisha kila kitu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotushangaza. Sisi tulikuwa tunahesabu ile ya kopo tu. Kube ya gramu 10 ina karibu gramu 5 za chumvi, au zaidi. Na katika nyumba ya mwenye kalamu hii sufuria ya watu wanane ilikuwa inapokea kube nne, kisha chumvi ya kopo juu yake, kisha kipande cha makayabu «cha harufu». Tulipopiga hesabu ubaoni kama zoezi la darasa la tano, tulinyamaza.

Neno moja zaidi la muuguzi tunawapa kama alivyotupa, hasa kwa wasichana. Yeyote anayepunguza chumvi aipunguze ile ile yenye madini ya joto, asiibadili kwa chumvi ya mawe isiyotiwa kitu. Wazee wa hapa wanakumbuka shingo zilizovimba. Kisiwa cha Idjwi, tunachokiona ng'ambo ya maji, kilijulikana hata kwa waganga wa Ulaya katika miaka ya 1960 kwa sababu ya wingi wa rovu, na muhogo tunaoula ukikosa kutayarishwa vizuri huongeza shida hiyo. Mama mjamzito akikosa madini hayo, ubongo wa mtoto unaumia kabla hajazaliwa. Kopo la chumvi lifunikwe, lisikae juani wala penye unyevu. Kidogo kinatosha, lakini hicho kidogo kisikosekane.

Jumapili iliyofuata Oktava ya Pasaka tuliomba nafasi tena baada ya Misa. Haikuwa rahisi. Mmoja wetu alipendekeza kwamba Padri aseme kwa niaba yetu, na mwingine akasema mambo haya yatasahauliwa yenyewe. Lakini yule msichana alikuwa amekaa safu ya kwaya, na kosa lilikuwa bado ubaoni. Tukasimama sita, kama mara ya kwanza, tukaeleza habari ya serumu, ya figo, ya mikanda. Tulimwomba msamaha pasipo kumtaja jina. Kijana mmoja, mtumishi wa altare, akanyosha mkono kwa adabu: «Baba katekista, basi zile kilo mbili zilikwenda wapi?» Tukamjibu ukweli: «Chooni, mwanangu.» Hatujawahi kupata kicheko kama kile katika mafundisho ya miaka mingi, wala hatujui mafundisho yetu mengine yaliyokumbukwa vizuri zaidi.

Baada ya hapo tulianza upya, polepole, bila kutangaza. Makayabu yanalowekwa usiku mzima na maji kubadilishwa mara mbili au tatu. Kube nne zikawa mbili, kisha moja. Nafasi yake ikachukuliwa na kitunguu saumu, tangawizi, limau na pilipili. Chumvi haiwekwi tena mezani. Donge la bugali tukalipima kwa ngumi ya mwenye kula, jambo ambalo lilizua maswali kwa mmoja wetu mwenye ngumi kubwa. Siku ya Alhamisi tunaacha pikipiki na kwenda kwenye mashirika ya mtaa kwa miguu. Ilipofika sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, mwenye kalamu hii alikuwa amepungua kilo tatu na nusu, akatoboa tundu jipya katika mkanda, upande wa ndani. Tansio ilikuwa 14 kwa 9. Muuguzi hakupiga makofi; alisema turudi baada ya miezi mitatu, na dawa tusiiache.

Siku hiyo hiyo ya sikukuu tulikula pamoja, makatekista na wake zetu, na mume mmoja akaanza kusifu jinsi sote tulivyozoea chakula cha chumvi kidogo kwa nguvu ya nia zetu. Yule mama aliyetetea sufuria yake wakati wa Kwaresima alicheka mpaka akaweka sahani chini. Tangu Dominika ya Huruma ya Mungu, alisema, yeye na wenzake walikuwa wamepatana: kila juma walipunguza chumvi kidogo sana jikoni, chini ya kiasi ambacho ulimi unaweza kutambua, na hakuna mume aliyewahi kuuliza. Alituonyesha kijiko chake, kile kidogo cha kumpimia mtoto dawa ya kikohozi. Mumewe akakitazama, kisha akaomba aongezewe sombe.