Usingizi Uliopotea Njia

Tarehe 27 Februari mwaka 1905 alifia hapa Kasongo daktari mmoja Mwingereza, jina lake Joseph Everett Dutton. Ugonjwa wa malale ndio uliomleta Kongo, lakini sio uliomwua. Aliuawa na homa ya papasi, wale wadudu ambao wengine kwetu huwaita kimputu. Yeye na mwenzake, John Todd, walikuwa wakiichunguza homa hiyo njiani, na wote wawili ikawashika; Todd akapona, Dutton akafa. Miaka mitatu kabla ya kufa kwake, mwaka 1902, alikuwa amekipa jina kijidudu kilichoonekana katika damu ya mgonjwa mmoja huko Gambia: Trypanosoma gambiense. Kijidudu hicho ndicho kinacholeta malale katika nchi yetu hata leo. Basi sisi tunaokaa kati ya Lualaba na Luama tunapita kila siku mahali alipomaliza safari yake mtu aliyempa adui wetu jina, na wengi wetu hatujapata kumsikia.

Malale, au ugonjwa wa usingizi, huletwa na mbung'o. Mbung'o wa kwetu hapendi jua kali. Hupenda kivuli cha miti iliyo ukingoni mwa mto. Kwa hiyo huwangoja watu pale pale wanapopaswa kwenda: kisimani, mahali pa kuloweka mihogo, penye mitego ya samaki, na zaidi sana vivukoni. Mtu akiumwa na mbung'o mwenye kijidudu, kwanza hupata homa za kuja na kwenda, kichwa kuuma, mwili kuwasha, na pengine tezi za shingo nyuma huvimba. Anadhani ni malaria. Anameza dawa, anapata nafuu kidogo, anarudi shambani. Hali hii yaweza kuendelea miezi mingi, hata miaka, kwa maana kijidudu kina hila: kila mara askari wa damu wanapokitambua, hubadili koti lake, nao wakaanza tena kumtafuta mgeni. Halafu siku moja kinaingia katika ubongo.

Hapo ndipo majirani wanapoanza kusema. Mtu analala mchana, tonge la bugali mkononi. Usiku, wengine wakilala, yeye huzunguka nyumba na kusema peke yake. Aliyekuwa mpole anagombana na kila mtu; mama aliyekuwa na haya anacheka na kulia bila sababu; mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza darasani hakumbuki alichofundishwa jana. Mmoja anasema: ni uvivu. Wa pili anasema: ni wazimu. Wa tatu, naye ndiye anayesikilizwa kuliko wote, anasema: amerogwa. Basi anatafutwa mrogaji, na mara nyingi anayepatikana ni mjane mzee asiye na mtu wa kumtetea, au mke mwenza. Hivyo ugonjwa mmoja unaharibu watu wawili, na yule wa pili hana hata homa.

Ndiyo maana tunataka kusema habari za ubongo. Mtu akielewa kidogo namna ubongo unavyofanya kazi, hatakuwa mwepesi tena wa kutafuta mkono wa jirani mahali ambapo pana kazi ya kijidudu.

Ubongo wa mtu una chembe za fahamu kama elfu milioni 86. Chembe hizo hupelekeana habari, lakini hazikugusana. Kati ya moja na nyingine pana nafasi ndogo mno, hata darubini za kawaida haziwezi kuionyesha. Mwaka 1897 mtaalamu Mwingereza Charles Sherrington alipaita mahali hapo sinapsi. Sisi tungepaita kivuko. Habari inakuja mbio katika uzi wa chembe ya kwanza mpaka ukingoni. Hapo haiwezi kuruka. Inapakiwa katika mitumbwi midogo, yaani dawa maalum ambazo chembe yenyewe imezitengeneza, mitumbwi inavuka, ng'ambo kuna bandari zake, kila mtumbwi na bandari yake, na mtumbwi ukifika mahali pake, chembe ya pili inaamka na kuichukua habari mbele. Yote hayo hufanyika upesi kuliko kupepesa jicho.

Kwamba habari huvushwa kwa dawa, jambo hilo lilithibitishwa na Otto Loewi, mtaalamu wa mji wa Graz katika Austria, mwaka 1921. Namna alivyolipata inafaa kusimuliwa mahali hapa, maana ni habari ya usingizi. Mwenyewe alieleza kwamba usiku wa kuamkia Pasaka aliota ndoto, akaamka, akaandika maneno machache, akalala tena. Asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake! Usiku uliofuata ndoto ikarudi, naye safari hii hakungoja kalamu: aliondoka saa ile ile ya usiku akaenda katika chumba chake cha kazi. Akachukua mioyo miwili ya chura. Akausisimua mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza mpaka ukapiga polepole, kisha akachota maji yaliyouzunguka akaumwagia moyo wa pili, nao ukapunguza mapigo ijapokuwa hakuna aliyeugusa. Katika maji yale mlikuwa na dawa. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale.

Tangu siku hizo zimejulikana dawa nyingi za vivuko. Kubwa ya kuamsha inaitwa glutamati. Kubwa ya kutuliza inaitwa gaba. Ubongo mzima unaishi kwa mapatano ya hizi mbili na wenzao. Mapatano yakivunjika, mtu anaugua. Katika kifafa chembe nyingi huamshwa pamoja kwa kupita kiasi. Katika ugonjwa wa kutetemeka unaoitwa Parkinson, chembe zinazotengeneza dawa iitwayo dopamini hufa. Kwa wazee wanaopotewa na akili kwa ugonjwa wa Alzheimer, waganga wameona kwamba kadiri vivuko vinavyopungua, ndivyo na kumbukumbu inavyopungua. Katika magonjwa haya yote jamaa hutazama uso wa mtu wao na kusema amegeuka mtu mwingine. Kumbe kilichogeuka ni kazi ya vivuko.

Turudi kwa malale. Katikati ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya macho mawili inapishana, kuna kifungu kidogo cha chembe kama elfu 20. Hiyo ndiyo saa ya mwili. Inapokea habari za mwanga kutoka machoni, nayo huuambia mwili wote: sasa ni mchana, sasa ni usiku. Mwaka 1998 wataalamu wa Stockholm, katika Sweden, walitangaza walichoona katika panya walioambukizwa vijidudu vya jamii ya malale: chembe za saa hiyo zilikuwa zimepoteza mwendo wake wa kawaida, na bandari za kupokelea glutamati zilikuwa zimebadilika. Mitumbwi yaja, lakini ng'ambo hakuna mapokezi kama ya zamani. Tena mwaka 2018 wataalamu wa Lisbon katika Ureno na wa Dallas katika Marekani walionyesha kwamba kijidudu hiki huiharakisha saa yenyewe. Hata chembe zilizotolewa mwilini na kuwekwa katika chupa pamoja nacho, saa zake zilikwenda mbio. Panya wale walizunguka saa za kulala, sawasawa na yule jirani yetu anayezunguka nyumba usiku.

Na hapa kuna jambo lililotushangaza kuliko yote. Daktari Mfaransa Alain Buguet na wenzake waliwapima wagonjwa wa malale mchana na usiku, saa 24 mfululizo, kwa mashine inayoandika mwendo wa ubongo. Wakaona kwamba mgonjwa, ukijumlisha saa zake zote za kulala, halali sana kuliko mtu mzima wa afya! Usingizi wake umekatwakatwa vipande na kutawanywa, kidogo mchana, kidogo usiku, bila utaratibu. Basi jina la ugonjwa wa usingizi si sahihi sana, na jina la uvivu si sahihi hata kidogo. Anayesinzia kanisani wakati wa mahubiri huenda hakupata usiku uliopita hata saa mbili za kupumzika. (Hatusemi hivyo kuwatetea wote wanaosinzia wakati wa mahubiri.)

Dawa zipo, na habari zake ni za kutia moyo, lakini hazikuwa hivyo siku zote. Kuanzia mwaka 1949 aliyeingiwa na malale ubongoni alitibiwa kwa dawa yenye sumu ya aseniki, iitwayo melarsoproli. Ilichoma mishipa kama moto, na katika wagonjwa 100 iliwaua kama 5. Watu walikimbilia porini, na nani angewalaumu? Zaidi ya hayo, ili kujua kama kijidudu kimefika ubongoni, ilipasa kuchomwa sindano mgongoni na kutolewa maji ya uti. Wazee waliyaogopa hayo kuliko mbung'o mwenyewe. Mwaka 2009 yakaja matibabu ya dawa mbili pamoja, bila aseniki. Lakini mgonjwa hutiwa dawa mshipani mara 14 kwa siku 7, jambo linalotaka hospitali, kitanda na wauguzi.

Kisha mwaka 2018 ikakubaliwa feksinidazoli, vidonge vitupu vya kumeza kwa siku 10 pamoja na chakula. Majaribio yake makubwa yalifanywa hasa katika Kongo, na kiongozi wake alikuwa Mkongo mwenzetu, Daktari Victor Kande. Wagonjwa 394 waliingia katika jaribio la wale ambao ubongo wao ulikuwa umeshikwa. Waliopewa vidonge, 91 katika 100 walifaulu; waliopewa dawa ya mshipani, 98. Kwa hiyo wale ambao ubongo umeshikwa sana bado huelekezwa kwenye dawa ya mshipani. Lakini wengine wengi wanaweza kutibiwa bila kuchomwa mgongo. Mwaka 2022 yakatangazwa pia matokeo ya dawa nyingine, akoziboroli, iliyojaribiwa Kongo na Guinea: vidonge vitatu vinavyomezwa mara moja tu. Katika wale ambao ugonjwa ulikuwa umefika ubongoni, 95 kati ya 100 walipona walipotazamwa baada ya miezi 18.

Pengine msomaji atasema: mbona siku hizi hatuwaoni wagonjwa hao? Ni kweli, wamepungua sana. Mwaka 1998 Afrika nzima waliandikwa karibu wagonjwa 40,000. Tangu mwaka 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka. Walio wengi kati yao ni wa Kongo, na Maniema ni mojawapo ya majimbo ambayo ugonjwa haujatoka. Lakini tazameni yaliyotokea zamani. Mwaka 1930 waliandikwa Kongo wagonjwa wapya zaidi ya 33,000. Vikundi vya waganga wakatembea kijiji kwa kijiji, wakashika shingo za watu, wakatazama damu, mara nyingi kwa ukali usiofaa. Hata hivyo mwaka 1959 wagonjwa wapya walikuwa kama 1,200 tu. Watu wakaona ugonjwa umekwisha. Vita zikaja, magari yakakosa mafuta, vikundi vikavunjika. Mwaka 1998 Kongo ikahesabu tena zaidi ya wagonjwa 26,000. Kijidudu hakikuondoka, kilingoja tu katika damu ya watu waliojiona wazima.

Kwa hiyo kupungua kwa wagonjwa kuna hatari yake. Muuguzi kijana wa zahanati huenda hajamwona hata mgonjwa mmoja wa malale. Akimwona mtu mwenye homa isiyoisha anampa dawa ya malaria mara ya tatu na ya nne. Kikundi cha wapimaji kikifika kijijini, watu wanasema: sisi wazima, tuna kazi shambani. Hawajui kwamba kupima ni tone la damu kidoleni na dakika chache, na kwamba anayetakiwa hasa ni yule anayejiona mzima. Vile vile vile vitambaa vidogo vya buluu vyenye dawa vinavyosimikwa ukingoni mwa mito, kama ilivyofanyika Uganda na sehemu nyingine za Kongo, si uchawi, wala si vya kukata na kushonea watoto nguo. Mbung'o hupenda rangi ile, hutua juu yake, hufa.

Na yule anayesinzia na tonge mkononi? Jamaa zake wamwongoze hospitali, wawaambie waganga mambo mawili kwa wazi: kwamba usingizi wake umegeuka, na kwamba tabia yake imegeuka. Neno hilo la pili watu hulificha kwa aibu, nalo ndilo linaloweza kumfumbua macho muuguzi. Wakichelewa sana, vivuko vingine havitengenezeki tena, na mtu huponywa kijidudu akabaki na ulegevu au usahaulifu. Wakiwahi, ni habari nyingine. Wagonjwa waliopimwa tena kwa mashine ile baada ya kutibiwa walionekana kulala usiku, vipande vya usingizi vikiwa vimeunganika, na mchana wakakaa macho.