Saa moja, mitambo mingi

Haya jamaa, leo tuzungumzie fataki. Kila Tamasha la Utamaduni la Lamu likikaribia, hakosi kijana wa kuniuliza: wale wa Disney wanalinganisha vipi taa, muziki na fataki usiku?

Jibu ni saa. Kompyuta moja hutangaza muda, mara nyingi vipande 30 kwa sekunde, na kila mtambo una orodha yake: ikifika sekunde fulani, fanya hivi. Taa hupokea amri kwa DMX512, utaratibu wa mwaka 1986: waya mmoja, njia 512, kila njia ina namba kuanzia 0 hadi 255. Basi! Programu ndogo ya kuziwasha unaweza kuiandika wikiendi moja.

Ugumu uko kwingine. Sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika za mbali hucheleweshwa makusudi, zisiitangulie sauti ya jukwaani. Na umeme ukikatika? Mtambo ukiwaka tena usiendelee pale ulipoachia. Uulize saa, uruke hadi hapo.

Kwenye fataki, kompyuta haiachiwi peke yake. Kuna mtu ameshikilia kitufe huku macho yako uwanjani. Akikiachia tu, hakuna kinachofyatuka.

Sasa fikiria mkondo wetu kati ya Lamu na Manda, mashua zinapita na abiria gizani. Mkinipa kazi hiyo, nitaanza na kitufe. Taa baadaye.