Kasri la Khedive Juu ya Bosphorus

Anayevuka Bosphorus kwenda upande wa Asia wa Istanbul hushuka Kanlıca, mtaa wenye sifa kwa mtindi wake mzito unaonyunyiziwa sukari ya unga. Tuliula pale pale gatini. Watoto wakamaliza wao, wakahamia wetu. Kisha tukapanda mlima. Juu, katikati ya miti iliyofanywa bustani ya umma, ndipo lilipo Kasri la Khedive.

Lilijengwa mwaka 1907 na Abbas Hilmi wa Pili, aliyetawala Misri chini ya kivuli cha Dola ya Uthmaniya, liwe makazi yake ya kiangazi. Ukoo huo si mgeni kwetu watu wa Pwani: Khedive Ismail, babu yake, ndiye aliyetuma manowari zilizoshika Barawa na Kismayu mwaka 1875, miji iliyokuwa ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, hadi Waingereza walipomshurutisha aziondoe.

Ramani aliichora Mtaliano, Delfo Seminati. Aliupandisha mnara mrefu unaoitazama bahari, na ndani akaweka ukumbi wa duara wenye chemchemi ya marumaru katikati. Inua macho uione dari ya vioo vya rangi. Nuru hushuka juu ya maji kama kitambaa cha hariri. Watoto wetu, waliokuwa wakipiga kelele tangu gatini, hapo walinyamaza wenyewe.

Mwenye nyumba hakulistarehea sana. Desemba 1914, Waingereza walimuuzulu. Alifia Geneva mwaka 1944. Jumba la mama yake, Emine, lililoko Bebek ng'ambo ya pili, leo ni ubalozi mdogo wa Misri. La mwana liliuzwa kwa manispaa mwaka 1937, kisha likaachwa miaka mingi lichakae.

Aliyeliokoa ni Çelik Gülersoy, kiongozi wa chama cha utalii na magari cha Uturuki. Ukarabati ulianza mwaka 1982, na mwaka 1984 milango ikafunguliwa. Si kwa makumbusho, bali kwa hoteli na mahali pa kunywa chai. Nakiri kwamba nilikwenda na shaka: je, vijiko na sahani havilishushii hadhi jumba la mfalme? Lakini nilizikumbuka nyumba za mawe za kwetu, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, zilizotiwa kufuli kwa heshima hadi boriti zikaoza na paa likaanguka ndani. Nyumba isiyokaliwa haina wa kugundua kwamba inavuja.

Meza ya jirani alikaa bibi mmoja na wajukuu wanne. Alipokwisha chai alivua viatu, akainyoosha miguu kibarazani pa Khedive, akitazama mawaridi, na hapakuwa na mtu wa kumwondoa.