Kati ya Ukingo na Mlima

Katika kata ya Nyasura, mjini Bunda, neno loji halina makuu. Ni vyumba sita au kumi vilivyozunguka ua, kitanda chenye chandarua, ndoo ya maji, na kijana wa mapokezi anayemwandikisha mgeni katika daftari la mistari. Dereva wa lori atokaye Sirari hulala humo, akaamka alfajiri akashika njia ya Mwanza. Kwa hiyo mwalimu mmoja mstaafu wa hapo, aliyesomesha Kiswahili kwa miaka 34, alicheka wanawe walipompa habari kwamba wamechanga fedha ili yeye na mama yao wakalale siku mbili lojini.

"Tuondoke nyumbani kwetu tukalale gesti?" aliuliza.

Wakamfahamisha kwamba hiyo si loji ya stendi. Ilikuwa kambi ya mahema makubwa yenye vitanda vya mbao, karibu na kijiji cha Engaresero, kusini mwa Ziwa Natron, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Hapo ndipo alipopachagua binti, afanyaye kazi Arusha. Kaka yake, mwenye duka Mwanza, alitaka wazee wapelekwe hoteli kubwa iliyo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, yenye madirisha ya vioo toka sakafuni hadi darini, maji ya moto usiku na mchana, na meko ukumbini. Fedha zilitosha mahali pamoja. Uamuzi akaachiwa baba.

Haraka yao ilikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia mama alikuwa ameanza kujigonga kwenye miimo ya milango na kumimina chai nje ya kikombe. Alipopimwa akaambiwa ana glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa likijifunga taratibu, kutoka pembezoni kuja katikati. Maradhi haya aghalabu hayaumi, na ndiyo hila yake: humwibia mtu kando za dunia, naye akidhani bado anaiona yote, hata abakiwe na tundu kama la ufunguo. Matone ya dawa huchelewesha. Kilichokwisha kwenda hakirudi. Watoto wakaona kwamba ikiwa mama yao ataona kitu kikubwa, basi na akione sasa.

Mwalimu alikuwa na lake moyoni. Ni mtu wa tungo. Madaftari yake yamejaa, na zamani alikuwa akipeleka mashairi redioni, kisha akikaa na familia nzima mbele ya redio kungoja yasomwe. Redio hiyo iliharibika siku nyingi, naye hajakubali itupwe. Mlima wa Lengai aliutamani tangu ujana wake, kwanza kwa jina. Kwa Kimaasai Engai ni Mungu, na neno hilohilo ndilo mvua. Mfasiri huandika "Mlima wa Mungu" akaona kazi imekwisha, kumbe mvua imemponyoka.

Tena ni mlima usio na mwenziwe duniani. Volkano nyingi humwaga mawe yaliyoyeyuka kwa joto la nyuzi 1,000 na kitu. Hii, yenye kimo cha mita 2,962, hutoa uji wa magadi wa nyuzi 500 hadi 600, mweusi, mwepesi, utiririkao kama mafuta machafu ya injini, na mchana hauonekani hata kuwaka. Ukishikwa na unyevu wa hewa hubadilika, na baada ya siku chache huwa mweupe. Mgeni autazamaye mlima kwa mbali hudhani ameona theluji, naye ameona jamaa ya magadi yaleyale ambayo akina mama wa Nyasura huyatia katika maharage magumu. Si kwamba mlima ni mpole. Ulilipuka 1917, ukalipuka 1940 na 1966. Julai 2007 ardhi ilitikisika hata watu wa Nairobi wakatoka mbio maghorofani. Septemba ukaanza kurusha jivu, na haukutulia mpaka mwaka uliofuata.

Jivu hilo, pamoja na la majirani waliokwisha kuzimika kama Kerimasi, ndilo lililoumba uwanda wa majani mafupi wa kusini mashariki mwa Serengeti. Chini yake pana tabaka gumu lisilopenywa na mizizi ya miti. Juu yake huota majani yenye chokaa na fosforasi, madini anayoyahitaji mnyama anyonyeshaye. Basi nyumbu huenda kuzaa huko, wengi wao mwezi wa Februari. Mvua zikikatika hugeukia magharibi, na kufikia Mei na Juni makundi huwa yamefika mto Grumeti, si mbali sana na Bunda. Wapo wazee wa upande huu wanaoijua ladha ya nyama yake, ingawa hawapendi kuulizwa waliipataje. Mwalimu alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba Lengai wamekwisha kuila wala hawajui.

Ama Ngorongoro, hakuipinga kwa uzuri wake. Nani atapinga? Mlima mkubwa uliporomoka ndani yake miaka zaidi ya milioni mbili iliyopita, ukaacha bakuli lenye kina cha mita 600 hivi na sakafu ya kilomita za mraba 260, na humo wanyama wa kila namna. Kilichomkwaza kilikuwa historia. Mama yake mzazi alikuwa Mwikoma, na visima na matambiko ya ukoo wake vilibaki ndani ya mipaka ya hifadhi ya Serengeti, iliyotangazwa 1951. Mwaka 1959 Wamasai nao walitolewa Serengeti, wakapewa Ngorongoro waishi pamoja na wanyama. Nusu karne na zaidi ikapita. Tangu 2022 maelfu ya wakazi wa Ngorongoro wamehamia Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema ni kwa hiari, Wamasai wengi wamelikataa neno hilo, na Agosti 2024 walijaa barabarani kwa siku kadhaa. Hoteli za ukingoni zingali zinapokea wageni. Mwalimu hakuwa na hamu ya kuwa mmoja wao. Hupenda kukumbusha pia kwamba Nyerere, mtu wa Butiama hapo jirani, aliwahi kusema kwamba yeye binafsi hatamani kwenda likizo kutazama mamba, japokuwa aliahidi kuwalinda.

Hatimaye alipata hoja ambayo hata mwanawe wa Mwanza hakuweza kuijibu. Mtu anayeona kwa tundu la ufunguo, alisema, atafanya nini mbele ya bakuli la kilomita 260? Kreta yataka macho mawili mapana. Mlima umesimama peke yake, umechongoka, na kwa mbali utaenea ndani ya jicho la mama wote mzima. Hoja ilikuwa nzuri, naye aliifurahia siku mbili kama mtu aliyepata kina kigumu. Akampigia binti simu, akamwambia waweke nafasi kambini.

Mama mwenyewe hakuwa ameulizwa. Alipewa habari jioni, naye ameketi uani anachambua dagaa kwa vidole, kazi ambayo sasa haihitaji macho.

"Huko kwenye mahema, mwalimu, watu wanakula wapi?"

"Kwenye banda. Ni hatua kama mia hivi. Ipo njia ya mawe, na usiku wanaweka taa."

"Na mimi nitaipita vipi hiyo njia ya mawe?"

"Nitakushika mkono."

"Na ukiwa unatazama mlima wako?"

Hakujibu. Mama akaendelea kuchambua, kisha akasema bila ukali: "Mimi nimepokea wageni katika nyumba hii miaka 41. Wageni wako, wa shule, wa kanisa, wa misiba. Sijawahi kukaa mahali nikaletewa chai na mtu ambaye sikumzaa. Kama fedha ni ya kunifurahisha mimi, nipelekeni penye meko."

Mwalimu alikaa kimya mpaka dagaa wakaisha. Asubuhi akapiga simu tena, na kusema ukweli hakupiga kwa furaha.

Waliingia hifadhini kwa lango la Ndabaka, wakapita Seronera na Naabi, wakafika ukingoni jioni katika baridi ambayo watu wa ziwani hawaizoei. Asubuhi ya kwanza dirisha lote lilikuwa jeupe. Ukungu ulikuwa umejaa kretani kama maziwa chunguni, ukakaa kutwa. Wageni wengine waliwafokea watu wa mapokezi kana kwamba wao ndio walioupika. Mwalimu alikuwa akienda dirishani akirudi, akienda akirudi. Mama hakushughulika, kuona weupe mtupu si jambo geni kwake. Alikaa karibu na moto na kitenge chake begani, akaletewa chai mara tatu na kijana wa Kimaasai aliyemwita bibi. Mara ya tatu akamuuliza watu wake wako wapi. Kijana akasema wengine wapo hapo juu, wengine wamekwenda Msomera. Mama akauliza kama huko kuna maji ya ng'ombe. Kijana akasema yapo, akachukua birika akaondoka.

Siku ya pili, saa nne, ukungu ulipasuka. Mwalimu alimwinua mkewe haraka, nusura amwangushe, akamsimamisha kiooni. Yeye aliona yote kwa mara moja: kuta, msitu, sakafu ya kijani, ziwa la magadi, vitone vyeusi vilivyokuwa nyati au nyumbu. Akaanza kuonyesha kwa kidole, huku, kule, pale chini. Mama akamwambia anyamaze. Alianzia mkono wa kushoto, akawa anageuza kichwa polepole, kama mtu asomaye mstari mrefu na hataki kuruka neno. Ilichukua muda. Ukungu ukarudi kabla hajafika nusu.

"Nimefika kwenye maji," akasema, akarudi penye meko.

Wakati wa kurudi dereva aliacha njia kuu karibu na bonde la Oldupai, akasema kuna kitu kidogo wasikikose. Ni kilima cha mchanga mweusi, kimejipinda kama mwezi mwandamo, kirefu kuliko paa la nyumba, kimekaa peke yake katika uwanda mtupu. Ni jivu la Lengai. Upepo wa mashariki hukisukuma mita 17 hivi kwa mwaka, nacho husafiri bila kutawanyika, kwa kuwa chembe zake zina chuma na hushikana. Huko kinakoelekea ni magharibi, upande wa Nyasura, ijapokuwa kwa mwendo huo mtu asingoje.

Hapo hapakuwa na cha kuonyeshwa kwa kidole. Mama alipiga magoti, akatia mikono yote miwili hadi kwenye vifundo. Akateka, akamimina, akateka tena.

"Huu ndio mlima wako?"

"Jivu lake."

"Una joto," akasema. Mwalimu akataka kumweleza kwamba hilo ni joto la jua tu, halafu akaacha, akapiga magoti naye akatia mkono.

Dereva alitazama saa mara mbili. Malango hufungwa jioni, na njia ya Ndabaka ni ndefu.

Juma lililofuata mama alifua kitenge chake cha safari. Maji yalipomwagwa, chembe nyeusi zilibaki chini ya beseni. Akazipapasa kwa kidole, akatambua, akamwita mwalimu alete spika ya ile redio mbovu, yenye sumaku nyuma. Mwalimu aliifungua redio kwa kisu, akaitoa spika, akaja nayo uani akaishikilia juu ya beseni. Zikainuka.