Chombo Kikuukuu Katika Hori la Barking



Wengi wenu mmetuuliza, msikitini na maharusini, ni wazimu gani ulioziingia familia tatu za East Ham hata zikanunua chombo cha tanga, ilhali hazina pahala pa kuegesha gari. Tumeona ni vyema tujibu kwa maandishi, pamoja na yale tuliyoyakosea.

Mto Roding unapokaribia kuingia Thames, pana hori liitwalo Barking Creek. Maji yakijaa hupendeza. Yakipwa hubaki tope jeusi na mfereji mwembamba katikati. Katika karne ya 19 Barking ilikuwa bandari kubwa ya wavuvi wa tanga, kabla ya uvuvi huo kuhamia pwani ya mashariki. Apitaye barabarani leo hawezi kulidhania jambo hilo. Huko ndiko tulikokiona chombo chetu: futi 28, kimeundwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili, mbao za msonobari juu ya mataruma ya mwaloni, kimefunikwa turubai lililochanika. Bei ilikuwa pauni 900. Tukailipa kwa fedha za upatu, bila ya mkopo wala riba, tukarudi nyumbani tukijiona mabaharia.

Kosa letu la kwanza lilikuwa hilo: hatukumleta mkaguzi kabla ya kulipa. Parafujo za chuma zinazoushika mkuku zilikuwa zimeliwa na kutu hata zikawa nyembamba kama penseli. Mataruma matano yalikuwa yameoza. Na ada ya kukiweka chombo nchi kavu ilidaiwa kila mwezi, tufanye kazi tusifanye. Baada ya miezi minane tulikuwa tumekwishatumia zaidi ya mara nne ya bei ya kukinunulia. Kukawa na maneno baina yetu, hata watoto wakayasikia. Familia moja ilitaka kujitoa, na kusema kweli haki ilikuwa upande wao.

Aliyetuweka pamoja ni mzee wetu mmoja, mkwe wa mwenzetu, mzaliwa wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu, mji ambao watu wake wanajulikana kwa kuunda majahazi. Ujana wake aliupitisha na tezo na keekee. London alisafisha ofisi usiku kwa miaka mingi, na wajukuu walimjua kama babu alalaye mchana ambaye haifai kumpigia kelele. Siku tuliyompeleka horini hakusema kitu. Alikizunguka chombo akikigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kisha akatia alama za chaki mahali 11. Mkaguzi tuliyemlipa baadaye alikuja na nyundo yake ndogo, akakubali mahali tisa katika hapo, akaongeza pamoja ambapo Mzee hakupaona. Mzee alipaendea, akapagonga, akakiri.

Kazi iliyochukua siku nyingi ni kalafati. Mbao za chombo hiki zimelazwa ubavu kwa ubavu, na kila mwanya hujazwa pamba kwa patasi butu na nyundo ya mti. Neno lenyewe ni msafiri: Waitaliano husema calafatare na Wafaransa calfater. Mzee alitaka pamba ichovywe mafuta ya nazi, kama kwao. Lakini mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya digrii 24 hivi, na mwezi wa Machi wa Barking haukaribii hapo; yaligeuka nta mikononi mwetu. Sifa ya papa hatukuthubutu hata kuitaja mbele ya mwenye uwanja. Tukatumia mafuta ya kitani, naye akanung'unika wiki nzima. Waingereza wawili waliokuwa wakitengeneza mashua jirani walikuja kumtazama, mmoja akatoa patasi yake mfukoni kuilinganisha. Zilikuwa sawasawa. Mjukuu wa miaka 12 ndiye aliyetafsiri, na tangu siku hiyo hakutaka kubaki nyumbani Jumamosi.

Wazazi, hapa tunaomba mtusikilize. Rangi za zamani za vyombo mara nyingi zina risasi, na vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto. Usiisugue kavu: iloweshe, vaa barakoa, waweke wadogo mbali. Rangi za chini ya maji zenye sumu ya bati, zilizopigwa marufuku nchini kwa vyombo vidogo mwaka 1987, huenda zikawa bado ziko chini ya tabaka jipya. Na jiko la mkaa lisiingie kabisa chumbani mwa chombo, hata baridi iwe namna gani. Hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka ngamani na kungoja cheche. Mama mmoja kati yetu alisema wazi kwamba hapandi, wala wanawe hawapandi, mpaka kengele za hewa zote mbili zifungwe na kila mtoto awe na jaketi la kuokolea lenye mkanda wa kupita mapajani. Wanaume walicheka. Sasa hawacheki.

Majira ya baridi kazi ilisimama. Tukamletea Mzee kitabu cha Alan Villiers, Sons of Sindbad, kilichotolewa mwaka 1940, kinachosimulia safari yake ya 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait hadi Zanzibar na Rufiji kuchukua boriti. Picha zake zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya bahari, Greenwich. Mzee alizitazama kwa kioo cha kukuzia, akawa anawatajia watoto sehemu moja moja: foromali, henza, demani.

Mwezi wa Mei tukakishusha. Chombo kilichokaa nchi kavu mwaka mzima mbao zake hukauka na kuachana, na usiku ule maji yaliingia kila upande. Tukafua kwa pampu na ndoo, zamu kwa zamu, na saa nane za usiku tulikuwa tayari kuita kreni ikitoe. Mzee alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Kiacheni kinywe," akasema. Alfajiri maji yalipungua. Siku ya tatu tulifua mara moja tu.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kuteremka na maji hadi Gravesend. Tulipita chini ya daraja la Dartford lililofunguliwa mwaka 1991, kisha Tilbury, ambako abiria wa Windrush waliteremka mwezi wa Juni 1948. Tukafunga kwenye boya, na Mzee akatusalisha alasiri, wanaume wawili nyuma yake kwa kubanana. Kibla cha huku ni digrii 119 hivi ya dira. Katika rakaa ya pili maji yalianza kugeuka, chombo kikazunguka juu ya boya, naye akawa anajigeuza kidogo kidogo kinyume chake, nasi pamoja naye. Tulipotoa salamu, usukani tulioanza kwa kuupa mgongo ulikuwa mbele yetu.

Mzee hajapanda tena, magoti hayamruhusu. Familia iliyotaka kujitoa ndiyo inayoshika jedwali la maji kujaa na kupwa, na hairuhusu mtu kubishana nayo. Karibu na fashini bado panavuja kidogo, na Mzee ameagiza mwanya ule ufunguliwe upya kabla ya baridi. Mwenye Jumamosi tupu aje, na aje na nguo za kuchakaa.